Rangi Inatosha

Kati ya uwanja wangu na wa Mama Zuhura kuna ukuta wa matete tu, na matete yenyewe yamebakiza meno machache kuliko mimi. Kwa mapengo yale tunapeana chumvi, tunapeana makala ya moto ya kuwashia jiko, tunapeana habari za watu wengine. Tangu ziwa lilipopanda na kuzimeza nyumba za chini, hapa mtaani kwetu Kataki watu tumesogeleana hivyo. Ukipiga chafya, jirani anakuombea uzima kabla ya mtu wa nyumbani mwako.

Kazi yangu ni kutia nguo rangi. Niliipata kwa mume wangu, marehemu, ambaye alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo enzi kile kiwanda kikinguruma mchana kutwa. Kiwanda kilipofungwa, yeye alibaki na kucha za buluu, nami nikabaki naye. Alinifundisha kupika rangi ili nisipate nafasi ya kumwuliza habari ya mshahara. Mpaka leo nina sufuria yangu kubwa, mbabula yangu, yaani jiko la makala, mwiko wangu mrefu ambao hauingii kwenye chakula, na mikono ambayo padri, akinipa komunyo, anaitazama mara mbili.

Mama Zuhura ni mtu wa Kigoma, na Zuhura ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mume wake, Papa Twahiri, alikuwa mchuuzi wa kuvuka maji: anakwenda na mafuta ya mawese, anarudi na vitenge na sahani. Na kila akirudi alimletea mke wake habari ya rangi moja. Alisema boti inapokaribia huku kwetu, jua bado halijatoka lakini usiku umekwisha kuchoka, maji yanakuwa na rangi isiyo na jina. Si buluu, si kijivu, si nyeupe. Ukiitazama, alisema, unasahau kama una miguu. Akamwahidi gauni la rangi ile. Miaka yote akaitafuta kwa wauza nguo wa Kigoma, wakamwonyesha kila buluu ya duniani, akakataa. Mwisho akachoka, akanunua kitambaa cheupe cha pamba, kizito, kizuri, akamwambia Zuhura, basi, Mama Pélagie yuko hapo nyuma ya matete, tutaitengeneza wenyewe.

Kitambaa kilikaa sandukuni. Papa Twahiri akashikwa na homa, na homa haikumwachia nafasi ya kuja kuniona.

Sasa Zuhura alikuwa ndani ya eda. Hatoki nje ya nyumba yake na uwanja wake, nguo zake nyeupe, mtandio wake mweupe, sauti yake ameipunguza mpaka imekuwa kama ya mtu anayeongea na kitoto kilicholala. Eda ilikuwa inaisha Ijumaa. Ijumaa hiyo wifi yake angekuja na wanawake wa ukoo kumwogesha na kumtoa nje, na Zuhura alitaka atoke akiwa amevaa gauni lile, la rangi ile. Akanipitishia kitambaa kwa pengo la matete, amekikunja vizuri, kinanukia udi.

Nikamwuliza rangi yenyewe ikoje, nione cha kufanya. Akauvuta mtandio wake karibu na mdomo. Halafu ukweli ukatoka: hajawahi kuiona. Ziwa alilivuka mara moja tu, siku ya kuletwa bibi harusi, na safari yote alikuwa amejifunika kichwa, anatapika ndani ya kopo.

"Sasa mimi nitaijuaje, mdogo wangu?"

"Wewe tia kidogo kidogo," alisema. "Ikifika, nitaijua."

Hilo ni agizo la kumtia mtu wazimu, lakini nililipenda. Shida ni hii: nguo nyeupe unaweza kuipeleka kwenye giza hatua kwa hatua, unavyotaka. Kuirudisha kwenye mwanga, hapana. Na kitambaa kilikuwa kimoja, na aliyekinunua hawezi kwenda Kigoma tena. Nikamwambia kila nikikitoa kwenye sufuria nitakuwa nakiinua juu, akitazame kwa pengo, yeye aseme.

Hapo niwaambie habari ya Ornella. Ni mtoto wa mwanangu, amekuja juzijuzi toka Lubumbashi, amemaliza shule, na ananisaidia kazi kwa moyo, ila Kiswahili chake amekifunga huko kwao na kuja nacho kizima; hata mimi bibi yake ananiita Nkambo. Sisi watu wa ziwani, kutosha ni kutosha: kitu kimefika kiasi, basi. Kwao Lubumbashi, kutosha ni kutoa. Siku yake ya kwanza hapa alikuja Papa Emile, katekista wetu, kunijulia hali. Ornella akampokea kwa heshima mlangoni, akamwambia, "Tosha viatu, Papa." Papa Emile akatazama miguu yake, akamjibu kwamba vinatosha, asante mwanangu, ni namba yake kabisa. Akaingia navyo mpaka kwenye zulia langu. Nilicheka siku ile mpaka nikashika mbavu. Nilicheka, nikasahau.

Jumatano asubuhi tukawasha mbabula. Nilichemsha maji, nikaweka chumvi, nikanyunyiza unga wa rangi kidogo sana, kama mtu anayeweka pilipili kwenye chakula cha mgonjwa. Ornella alikuwa na kufua kwake pembeni. Zuhura alikuwa amempitishia ule mtandio wa eda aufulie pamoja na vyetu, nao ulikuwa umelowekwa kwenye beseni, nusu ndani ya maji, nusu unaning'inia nje. Kitambaa nikakizamisha, nikakoroga polepole, bila kusimama, maana ukisimama rangi inakaa mahali pamoja kama mgeni asiyejua kuaga, inaacha madoa.

Nilikoroga mpaka mabega yakaniambia tumekuwa wazee. Nikamkabidhi Ornella mwiko. Nikamwachia maagizo mafupi: kiinue, Mama Zuhura akitazame, msikilize yeye. Na ukiona nguo inaachia rangi yake, maana yake haijainywa vizuri. Irudishe, ongeza chumvi na unga kidogo. Nikaenda kukaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nipumzishe macho tu.

Muda ule wa mchana jua linapiga ziwa, na ziwa linaurudisha mwanga mpaka chini ya mabati yetu, ukuta wa nyumba unatembea kama maji. Mvuke wa rangi una harufu ya chuma na mvua. Ukiuvuta sana, kichwa kinakuwa chepesi, unaanza kupenda watu wote. Nikasinzia, sikio moja nje.

Nikaona ziwa linapanda tena, lakini safari hii kwa adabu. Linaingia uwanjani taratibu, kama mtu anayechelewa misa. Kuku wangu wanaelea wamekaa vilevile, hawashangai. Kitambaa cha Zuhura kinatoka ndani ya sufuria peke yake, kinajinyoosha, kinakuwa kirefu kama reli ya kwenda Nyunzu, na juu yake anakuja Papa Twahiri, suruali ameikunja mpaka magotini, anatembea kwa uangalifu asikikanyage vibaya. Amenona, nyumba aliyohamia inamkubali. Ananiuliza, "Mama Pélagie, inatosha?"

Nataka kumjibu, lakini neno linaniteleza mdomoni kama samaki. Nikiligeuza upande huu linasema basi, nikiligeuza upande ule linasema toa. Namwambia inatosha, anavua koti, ananipa nishike. Namwambia tena, si hivyo Papa, nasema inatosha. Anavua shati, analikunja vizuri. Nikaona nikilisema mara nyingine nitatazama mambo ambayo mjane wake hatanisamehe. Nikafumba mdomo, nikamshikia nguo zake. Naye akaketi juu ya kitambaa, akatia mkono ndani ya maji, na maji yakawa yanabadilika kuzunguka vidole vyake, rangi juu ya rangi, mpaka nikasahau kama nina miguu.

Na huko nje, kwa lile sikio langu moja, neno lilikuwa linaruka juu ya matete, linakwenda na kurudi. Inatosha. Inatosha. Ndiyo Mama, kweli inatosha.

Niliamka kwa sababu ya ukimya. Ornella alikuwa amesimama kando ya sufuria, jasho linamtoka, anajivunia kazi yake. Kwenye mwiko alikuwa ameinua kitu cheusi. Nilidhani ni koti la mtu. Jua lilipokipiga ndipo nikaona ni buluu, ile buluu ya katikati ya ziwa ambayo hata wavuvi hawapendi kuitazama sana.

Nyuma ya matete Mama Zuhura alikuwa amekaa chini, hatazami tena.

Mambo yenyewe walinieleza wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, na mimi katikati kama hakimu mwenye mate ya usingizi shavuni. Ornella alikiinua kitambaa mara ya kwanza, Zuhura akatazama, akaona rangi ni nyepesi, nzuri, bado kidogo. Akakiinua mara ya pili, na hapo moyo wa Zuhura ukashituka: ndiyo hiyo. Akasema, kwa ile sauti yake ya eda, "Inatosha, mwanangu." Ornella akatazama chini ya kitambaa. Matone ya buluu yalikuwa yanaanguka, tap, tap, kwenye mchanga. Akasema, ndiyo Mama, kweli inatosha. Akakirudisha ndani, akaongeza chumvi, akaongeza unga. Akakiinua tena. Zuhura, ameshika matete kwa mikono miwili, akasema inatosha, inatosha kabisa. Basi mtoto akaona aibu kwamba kazi yake inavuja namna ile, akamwaga unga wote uliobaki.

"Nkambo, Mama mwenyewe njo alikuwa anasema inatosha," aliniambia. "Na mi niliona. Inatosha kabisa, rangi yote inaanguka chini."

Nikamwuliza Zuhura kwa nini hakupiga kelele. Akasema yuko kwenye eda, atapigaje kelele. Na kuruka ukuta pia hawezi. Halafu akaona binti anaitikia vizuri, ndiyo Mama, ndiyo Mama, akafikiri labda ndivyo kazi yetu ilivyo, inakwenda gizani kwanza halafu inarudi.

Ningependa sana ingekuwa inarudi.

Nilimwambia Ornella akitie majini upesi, kisiendelee kunywa, naye akakitupa kwenye maji yaliyokuwa karibu. Akaniambia kuna javel ndani ya nyumba, ile dawa ya kung'arisha mashuka, tutoshe rangi yote tuanze upya. Nikamkataza. Javel inatoa rangi, kweli, lakini inatoa na uzi. Ungempa mjane kitambaa cha rangi ya chai iliyolala, akikaa kinapasuka, na hiyo ingekuwa habari nyingine ya kutembea mjini. Tukabaki na maji baridi na mikono. Tukakamua, tukazamisha, tukakamua. Buluu ilitoka kama moshi, ikajikunja ndani ya beseni, ikatulia. Kitambaa chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Kilikuwa kimeshiba, kilichokuwa kinatoka ni makombo.

Upande wa pili sikusikia kilio. Hilo ndilo lililonisumbua. Zuhura akilia namjua, analia kwa maelezo, anataja majina. Sasa alikuwa anauliza mambo madogo, kwa upole: kama fundi atakubali kushona nguo iliyo na unyevu, kama Ijumaa kutakuwa na mawingu. Mtu akianza kuongea vizuri namna hiyo, ujue amekwisha kuweka kitu chini na hana mpango wa kukiokota. Nilitafuta mzaha wa kumpa. Mimi, kukosa mzaha. Nikaendelea kukamua.

Ndipo mkono wangu ukakutana na kitu laini chini ya beseni. Nikakivuta. Ulikuwa mtandio.

Nikajisemea, Pélagie, leo umemaliza ukoo mzima. Nusu iliyokuwa inaning'inia nje ilibaki nyeupe. Nusu iliyokuwa ndani ya maji ilikuwa imechafuliwa na kile kilichotoka kwenye kitambaa. Haikuwa hata sawasawa. Mahali imekolea, mahali imepita tu kama pumzi kwenye kioo. Kwa fundi wa rangi, kitu kile ni aibu. Tunakiita doa, tunakificha. Nikakiinua nikikunje haraka kabla hajaona.

Vidole vikatoka kwenye pengo la matete.

"Lete," alisema.

Nikaanza kujitetea, ni maji tu, itatoka, nitaufua mimi mwenyewe, kesho utakuwa mweupe kama ulivyokuja. Vidole vikabaki palepale. Nikampa ncha. Akauvuta polepole mtandio ukapita kwenye pengo, maji yakichuruzika kwenye matete, ule upande mweupe kwanza, halafu ule mwingine. Nikasogeza jicho. Alikuwa ameutandaza juu ya magoti, na ule mwanga wa ziwa unaotembea ukutani ulikuwa unatembea juu yake pia, juu ya mtandio na juu ya uso wake, huwezi kusema kipi ni nguo na kipi ni mwanga. Kuku wakapita. Ornella akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Hii hapa," Zuhura alisema. "Kumbe alikuwa hanidanganyi."

Sasa mimi nawauliza, aliijuaje? Hajawahi kuiona. Alikuwa na kichwa ndani ya kopo. Lakini hata mimi, niliyeiona dakika chache tu zilizopita nikiwa nimeshika koti la mume wake, sikuwa na neno la kumpinga. Na ile ndoto sikumsimulia. Kuna sehemu ya mashati.

Nikamwambia basi, arudishe nikaifunge. Rangi isiyofungwa kwa moto na chumvi haikai. Kila ukifua inakwenda, mpaka siku moja unakuta huna kitu. Na mimi kazi ya namna hiyo haitoki uwanjani kwangu. Watu wataona Mama Zuhura ana shavu la buluu, watauliza nani amemtia rangi, jina langu litaingia.

"Usiifunge, mama."

"Zuhura, itakwisha. Mvua zikifika, mtandio utakuwa umebaki mweupe."

"Najua. Yeye aliondoka haraka," alisema. "Hii iende polepole, nami nikiiona."

Nikamgeukia Ornella, nikamwambia amwage maji ya beseni, anasimama hapo kwa nini.

Kile kitambaa cheusi fundi alikishona Alhamisi, na Ijumaa wifi yake Adija akafika na wanawake wake, sabuni, manukato na mdomo wake. Adija ni mtu mzuri, ila kabla ya kuufikia uzuri wake unapita kwenye miiba. Wakamwogesha Zuhura, wakamvalisha. Mimi nilikuwa nimesimama uwanjani kwao na sahani ya wali, nimevaa vizuri, msalaba wangu shingoni. Zuhura alipotoka na lile gauni, Adija akamzunguka kama anayenunua ng'ombe wa milimani Pepa.

"Wifi," alisema, "eda umeitoka, au umehamia kwa Wakatoliki?"

Wote wakanitazama, maana kwetu mjane ndiye huvaa nyeusi. Nikawaambia karibuni, kwetu nafasi ipo, ila viti vigumu.

Zuhura alichukua mtandio, akautikisa mara moja, akajifunika. Upande mweupe akautupa nyuma, upande ule mwingine akaulaza usoni, karibu na shavu. Na Adija, ambaye kaka yake alikuwa anamsimulia na yeye habari zilezile za boti na asubuhi, aliacha mkono wake hewani. Akauleta mtandio karibu na macho. Akasema kidogo sana, karibu na sikio la wifi yake, kitu ambacho pengo la matete lingenisaidia kukisikia, lakini siku hiyo nilikuwa upande usiofaa. Halafu akamshika mkono, wakatoka.

Walikwenda njia ya ziwani. Siku ilikuwa ya joto, haikuwa na wingu hata la kuombea. Tuliwatazama mimi na Ornella mpaka wakawa madoa mawili kwenye mwanga, moja jeusi, moja la rangi zote za kitenge cha Adija.

Zuhura alirudi jua likiwa limelegea, peke yake, viatu mkononi, mchanga mpaka kwenye vifundo. Alikuwa amepita sokoni, amepita kwa muuza sukari, amesalimiana na mji mzima, sauti yake imerudi kuwa ya zamani, ile inayonifanya siku nyingine ninyamaze nionekane sipo. Jasho lilikuwa limefanya kazi yake. Kuanzia kwenye paji mpaka chini ya sikio alikuwa amepakwa buluu, nyepesi, yenye mawingumawingu, na doa moja dogo lilikuwa limemkaa juu ya mdomo.

Ornella akanong'ona kwamba tumwambie, apanguse. Nikamwambia alete chai.

Zuhura akaketi kwenye mkeka wangu, akanyoosha miguu, akaniuliza kwa nini namtazama.

"Umependeza," nikamwambia, nikamsogezea sukari.